Mniachie Betri Yangu

Simama kando ya barabara pale Iringa ukiwa umefunua boneti ya Land Rover, uone nchi hii ilivyojaa mafundi. Wa bodaboda atasema betri. Muuza mahindi ya kuchoma atasema betri. Mzee mmoja anayepita na fimbo yake, ambaye chombo cha mwisho kukiendesha kilikuwa mkokoteni wa ng'ombe, atakupa salamu ya kamwene, ataitazama injini kwa huruma, kisha atatoa hukumu: "Kijana, hiyo ni betri."

Na betri yenyewe hakuna aliyeiona, maana kwenye Land Rover 110 haikai chini ya boneti. Iko chini ya kiti cha abiria wa mbele. Ukitaka kuikagua, abiria ashuke, mto wa kiti utolewe, kifuniko kifunguliwe. Abiria wangu wa kila Jumapili ni mama mkwe. Haya, nianzie wapi? "Mama, shikamoo, naomba uinuke, umekalia umeme"?

Gari lenyewe ni la miaka ya tisini, injini ya 300Tdi, lita 2.5, na lilihudumia miradi ya maji vijijini kabla halijanifikia. Watu hunipongeza: una bahati, dizeli ya zamani haina mambo ya umeme. Waongo hao. Ni kweli dizeli haihitaji cheche. Hewa ikishindiliwa ndani ya silinda inapata joto, mafuta yakiingia yanawaka yenyewe. Lakini njoo Iringa alfajiri ya Julai, mdomo ukitoa mvuke, ujaribu kuwasha bila plagi za hita. Halafu juu ya pampu ya dizeli kuna kidude, solenoidi, kinachoshikilia njia ya mafuta iwe wazi, na kinapata umeme kwa waya mmoja mwembamba. Waya huo ukichomoka, injini inazima papo hapo. Wangu ulichagua kuchomokea mlima Kitonga, nyuma yangu lori la mbao, nyuma ya lori foleni nzima ya watu wenye haraka zao. Dereva wa lori aliteremka, akasema betri.

Sasa nikupeleke kwa mafundi waya. Kila fundi anayefungua dashibodi ya gari hili huanza kwa kuguna, kisha huuliza, "Bosi, nani alikufungia hivi?" Husema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekuta maiti. Anafuata waya, anakata, anaunga, anazungushia tepu nyeusi, anaondoka na hela. Anayekuja baada yake anaguna upya kwa kazi ya huyo aliyeguna.

Kinachoniudhi ni kwamba Waingereza walioliunda hawakupaka nyaya rangi kwa kupendezesha. Mweusi ni ethi. Wa kahawia unatoka betri moja kwa moja, una umeme hata gari likiwa limezimwa. Mweupe unapata umeme ukiwasha swichi. Wa bluu ni taa kubwa. Wa kijani wenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, wenye mstari mweupe ni ya kulia. Ni ramani kamili, imepakwa kwenye plastiki. Kwenye gari langu ramani hiyo inafika nyuma ya dashibodi na kuishia hapo. Kuanzia hapo kila kitu ni waya mwekundu, ule wa spika.

Fundi mmoja aliitibu taa nyekundu ya betri kwa kung'oa balbu yake. Taa ikaacha kuwaka, akalipwa. Kumbe altaneta huamshwa na mkondo mdogo unaopita kwenye balbu hiyo hiyo. Ukiing'oa, altaneta inaweza kulala usingizi mpaka ukanyage mafuta kwa nguvu. Gari likawa halichaji mjini. Nilipomrudia, unajua alisema nini.

Ila kioja hasa kilikuwa mshale wa joto. Nikiwasha taa kubwa unapanda, nikizima unashuka. Nikaambiwa ninunue rejeta. Mtu mzima, mwenye gereji na wanafunzi, anaamini kwamba taa zinachemsha maji!

Umeme ukitoka betri lazima uwe na njia ya kurudi betri, na kwenye gari njia hiyo, yaani ethi, ni bodi, injini na chesisi. Bodi ya Land Rover ni alumini, chesisi ni chuma, na viwili hivyo vikipata unyevu vinatoa unga mweupe unaoziba njia. Njia ikiziba, umeme hupita kwa majirani: unakanyaga breki indiketa inamulika, unawasha taa geji inadanganya. Ukipiga stata, umeme unaweza kurudi kupitia kebo ya aksereta. Yangu niliishika baada ya kupiga stata ikaniunguza.

Hapo nikachukua mita, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani, nikaiweka kwenye volti 20 za DC. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu akapiga stata. Palipo pazima haizidi nusu volti. Pangu palisoma tatu na ushei. Chini ya gari nikaukuta mkanda wa ethi, ule wa kusukwa unaotoka giaboksi kwenda chesisi, umebaki nyuzi za kuhesabika, za kijani kama mchicha. Mkanda mpya, spana, msasa, grisi kidogo, basi. Betri ile ile iliyozikwa na mafundi wote ndiyo inayowasha gari hadi leo.

Kwa hiyo ndugu zangu mafundi waya, nawaomba. Kabla ya kuniandikia betri, pimeni ethi. Haichukui hata dakika tano. Na mkikata waya wa kijani, ungeni wa kijani. Mkiukosa, bandikeni kipande cha plasta, muandike kwa kalamu unakwenda wapi. Waya mwekundu wa spika uachieni redio.