Raia Mbele ya Mulopwe

Wafaransa walimkata mfalme wao kichwa mwaka 1793. Leo wanauza tiketi za kuingia jumba lake la Versailles, na foleni haiishi. Basi sisi wa Kamina, huku Kongo, tusichekwe. Jamhuri tunayo, tena ya Kidemokrasia, isije ikasahaulika. Ila subiri majira ya kura: mheshimiwa anashuka kutoka Kinshasa, suti imenyooka, mdomo umejaa usawa wa raia, na kabla hajasalimia hata mama wa sokoni anatafuta mulopwe, mfalme wa Waluba, wa kumpigia magoti, apate baraka za ukoo wa Kalala Ilunga, shujaa wa masimulizi aliyeanzisha ufalme huo. Aende kwa Kasongo Nyembo au kwa Kabongo, maana viti vya kifalme ni viwili, hilo aulize mapema. Akikosea mlango, kura zimekwenda.

Katiba ya 2006 nayo ina adabu zake. Kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila, mradi yasipingane na sheria. Kwa hiyo mulopwe anatawala kwa damu, kwa mizimu ya mababu na, samahani sana, kwa saini ya waziri. Albert Kalonji hakutaka usumbufu huo: mwaka 1961, kule Kasai Kusini iliyojitenga, aliutwaa umulopwe akiwa tayari rais wake.

Na anayeogopa kura asihuzunike. Viti hadi moja ya kumi katika bunge la mkoa ni vya machifu wa kimila wanaoingia bila kupigiwa kura na raia. Sharti ni moja tu, kuchagua vizuri pa kuzaliwa.