Mbuzi Hawasomi Ratiba ya Maji

Huku Kaikor, Turkana, ua unaosifiwa ni ule usioota hata unyasi mmoja. Unafagiwa alfajiri kabla upepo haujaamka, mchanga unabaki na mistari ya ufagio, na atakayepita usiku, awe mwizi, nyoka au fisi, ameacha saini yake.

Mwalimu mwenzangu aliyetoka Kenya (ndivyo tunavyosema huku, ukivuka Kainuk kwenda Kitale, umeingia Kenya) hakuukubali uzuri huo. Alikuja na nyasi ya kikuyu ndani ya gunia bichi, akainywesha njia nzima kama mgonjwa, kisha akaipanda mbele ya nyumba, kipande cha mita nne kwa tano. Nilimpigia hesabu. Kwa jua hili, nyasi hiyo inataka si chini ya milimita 25 za maji kwa wiki. Hizo ni lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200, basi ya mwaka ingemtosha wiki nane, tena kama ingekubali kunyesha kwa awamu. Alinijibu kuwa mimi ni mtu wa kuvunja watu moyo.

Akaanza kuinywesha kwa maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia. Hiyo ni mbinu nzuri, nami huitumia kwa mwarobaini wangu. Nyasi ikashika, ikawa kijani cha kutia majirani aibu.

Halafu mbuzi wakapita kuelekea kisimani. Hawa ni mbuzi waliolelewa kwa miiba na karatasi za sukari. Walisimama, wakatazamana. Mwalimu alipotoka mbio na povu la dawa ya meno mdomoni, kiwanja kilikuwa kimenyolewa vizuri kuliko mashine yoyote ingeweza, na mbolea imeshatiwa. Mama mwenye mbuzi alifika jioni, akitabasamu.

“Ejok, mwalimu? Leo maziwa yamekuwa mengi. Utapanda tena lini?”

Wako waliomshauri azungushie mathenge. Mti huo uliletwa Turkana miaka ya themanini kuzuia jangwa, na sasa Lodwar na Kakuma umewazingira watu badala ya jangwa. Mwiba wake hutoboa hata akala. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi. Kule Baringo wananchi walipoishtaki serikali kwa ajili yake, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Mimi nasema uzio wa matawi ya mgunga unatosha.

Bwawa la kuogelea nalo tunalo: ni beseni lililo chini ya bomba la tangi. Waogeleaji ni nyuki. Wakati wa kiangazi hulivamia bomba hadi mtu anaogopa kuchota, na ukiwafukuza kwa moshi wanarudi na ukoo. Dawa yake ni kuwawekea sufuria yao mbali, yenye maji kidogo na kokoto za kukanyagia wasizame, kisha kaza bomba lako lisidondoke hata tone. Wakishaizoea sufuria hawakusumbui tena. Usiache tu ikauke.

Lakini mbinu ninayoiheshimu kuliko zote nilifundishwa na mwenye duka. Nge, akimulikwa na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, hung'aa kijani kama kibao cha hoteli. Usiku wa kwanza niliizungusha uani nikihesabu: mmoja chini ya mtungi, wawili penye kuni, na mwingine mkubwa, mkia umeinuliwa, ndani ya kandambili ya mwalimu aliyekuwa amekaa akiomboleza nyasi zake, miguu juu ya stuli. Sikumwambia kitu mpaka nilipokwisha kuisogeza kandambili kwa fimbo.

Kwa hiyo wewe unayehamishiwa huku, nyasi ziache Limuru. Njoo na taa ya noti na betri za akiba, na ukifika kwangu ufunge lango la miiba nyuma yako, maana mwarobaini wangu bado ni mdogo.