Maiki Haina Adabu

Sikio la binadamu limelelewa. Mtu anaweza kusimama Kombani, pale njia ya Kwale mjini inapochepuka kutoka barabara ya Likoni na Lunga Lunga, akazungumza na mchumba wake huku makanga anaita "Kwale, Kwale, mmoja bado!" na kinyozi kafungulia taarabu mpaka kioo kinatetema, asisikie ila maneno ya mchumba. Maiki haikulelewa na mtu. Inachukua vyote, na mchumba inamweka wa mwisho.

Nilipoamua kujifunza kurekodi, mwalimu wangu alikuwa fundi wa spika za harusi, mtu mwenye itikadi moja tu kuhusu sauti: iongezwe. Alinifundisha kuwa maiki ya kondensa haiamki mpaka ipelekewe volti 48 kupitia waya uleule unaoleta sauti, na ikiamka haisinzii. Ile ya dainamiki, tunayoiona harusini, haitaki umeme huo na ya mbali haiyajali sana. Nilinunua kondensa kwa sababu muuzaji aliniambia, "Hii inasikia kila kitu, bro." Hakudanganya. Msanii wangu wa kwanza alikuwa jogoo wa jirani.

Kila mtu alinishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nikabandika. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi. Jogoo anapita, na besi ya matatu inapita bila hodi, maana kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta wala si makaratasi. Faida niliyoipata ni wapita njia kuchungulia dirishani wakiuliza mayai bei gani. Kilichofaa ni magodoro ya sufi ya bibi. Yaliposimamishwa pembeni, mwangwi wa chumba ulipungua sana. Bibi aliyatoa kwa sharti moja: yarudi kitandani kabla ya Isha. Studio yangu ikawa na saa ya kufunga, kama benki.

Kisha wakaja wazee wa ngoma ya sengenya.

Mpiga zumari alipojaribu, alipuliza kwa heshima, kama mgeni anayekohoa mlangoni, nami nikapima sauti yake. Kwenye dijitali sifuri ndiyo dari: wimbi likiigonga hukatwa kichwa na hakuna dawa ya kukirudisha. Kwa hiyo nikaacha nafasi ya desibeli 12 chini yake, nikajiona mtaalamu. Chapuo ilipoingia, mzee akapandwa. Taa nyekundu ikawaka. Nikainua mkono kumsimamisha. Yeye akaona nacheza, akafurahi, akanisogelea.

Sasa, ukikata umbali nusu, sauti hupanda kama desibeli 6. Mzee alianza mita mbili kutoka kwenye maiki, na haikuchukua muda mdomo wa zumari ulikuwa karibu kuimeza. Nikangoja avute pumzi niingilie. Wapiga zumari hawavuti pumzi! Hujaza mashavu, hewa ikaingia puani huku sauti inatoka, na wimbo hauna ufa wa kupitisha hata "Babu, tafadhali." Baadaye nilipotaka kuhariri nilikumbuka kuwa wahariri hukata penye pumzi.

Nilikuwa nimesoma kwamba Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alipenda kuishika maiki mkononi na kumfuata mpigaji. Nikaing'oa kwenye stendi. Mimi sikumfuata mtu, nilifuatwa. Nikirudi nyuma hatua, mzee anakuja hatua, chapuo nyuma yake, upatu nyuma ya chapuo, tukatoka mlangoni hivyo hivyo mpaka waya ukaishia chini ya mwembe. Na huko nje, pasipo ukuta wa kurudisha sauti, ndipo ngoma iliposikika vizuri kuliko ndani ya magodoro yote ya bibi.

Jioni tukasikiliza. Mzee alivaa hedifoni, akawa anapiga kelele.

"MJUKUU WANGU, ZUMARI HAISIKIKI!"

"Babu, mbona hiyo ndiyo inayosikika peke yake?"

"ENHE? ONGEZA!"

Nikaongeza. Mwenye chapuo akavishwa, akasema chapuo yake imefichwa makusudi. Nikaongeza. Mwenye upatu, chuma kinachofika kijiji cha pili bila msaada wa umeme, akasikiliza kwa huzuni na kuuliza kama siku ile yeye alikuwepo. Hapo taa nyekundu zilikuwa zimejipanga zote.

Fundi akaninong'oneza siri ya kazi: tafuta kitufe kisichounganishwa na kitu chochote, ukizungushe taratibu mbele ya macho yake.

Nikazungusha. Mwenye upatu akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiguse tena."