Dagaa wa Kirumba Jijini Stockholm

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba Ulaya kuna mji mkuu uliojengwa juu ya visiwa 14, pale ziwa linapokutana na bahari, penye miamba kila unapogeuka. Atakuuliza: sasa cha ajabu nini? Nami nilitua Stockholm na kiburi hichohicho. Dada yangu ameolewa na kijana wa Bukoba, wanaishi Stockholm. Mimi ni wa Nyakato, Mwanza: miamba naijua, visiwa navijua, feri ya Ukerewe nimeipanda hadi nimeichoka. Nani angenifundisha?

Jua ndilo lililoanza. Mwezi wa sita kule linazama baada ya saa 4 usiku, na ikifika saa 9 na nusu limeshachomoza. Nilipoona mwanga dirishani niliamka, nikaoga, nikavaa shati la kutembelea na kukaa sebuleni kungoja chai. Shemeji alipotoka kwenda msalani alinikuta nimekaa wima kama mgombea anayesubiri matokeo.

"Shemeji, kuna msiba nyumbani?"

Ilikuwa saa 10 alfajiri.

Kisha likaja basi. Halina konda. Hakuna wa kukwambia usogee nyuma, wala wa kuapa kwamba siti ipo wakati watu wananing'inia. Nikamnyooshea dereva noti zangu za krona, mpya, bado zimenyooka. Akatikisa kichwa. Mabasi ya kule hayapokei fedha taslimu, ni kadi tu. Hivyo nikasimama katika mji wa matajiri, pesa ninayo na nauli sina.

Shemeji akalipa, na kama ilivyo kwa watu wa Bukoba, akahakikisha basi zima limejua. Akanipeleka Gamla Stan, mji wa kale. Kuna uwanja uitwao Stortorget ambapo mwaka 1520 mfalme wa Denmark alikata vichwa vya wakubwa wa Sweden. Kwenye jengo la uwanja huohuo, Oktoba 2021, lilitangazwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hapo nilitembea kifua mbele.

Kifua hicho kilinikwamisha hatua chache mbele. Kuna kichochoro kiitwacho Mårten Trotzigs gränd, chenye ngazi 36, na panapobana zaidi upana wake ni sentimita 90. Watalii wamepanga foleni kukipiga picha! Nikawafikiria watu wa Mabatini kwetu Mwanza. Kule mama anapandisha mlima na ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, fundi anashusha kabati, wanapishana na salamu za ukoo mzima juu, na hakuna anayepiga picha. Mimi nilibanana na mtalii mwenye begi la mgongoni. Tukaombana radhi kila mtu kwa lugha yake, mpaka akarudi kinyumenyume ngazi zote.

Jioni dada akaulizia mzigo wake: dagaa wa mwaloni Kirumba. Nikawatia kwenye mafuta. Ile harufu ya nyumbani ilipoanza kupanda, kidude cheupe darini kikapiga yowe. Dada akarukia kiti, akawa anakipepea kwa kanga. Shemeji akafungua madirisha. Mimi niliendelea kugeuza, maana dagaa wakiungua Stockholm, Kirumba ni mbali. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, bibi wa Kiswidi mwenye mvi. Tukajua tumekwisha. Bibi akavuta pumzi ndefu, akauliza ni samaki gani, akakaribishwa, akamaliza sahani. Kumbe kwao kuna surströmming, samaki wadogo wa Bahari ya Baltiki waliochachushwa na kutiwa koponi, na mwenye busara hufungulia kopo hilo nje ya nyumba. Aliyekulia hapo, dagaa wetu kwake ni manukato.

Kicheko kilikwisha kwenye makumbusho ya Vasa. Meli hiyo ya kivita ilizama tarehe 10 Agosti 1628, katika safari yake ya kwanza, kabla haijamaliza kilomita moja na nusu. Ilikuwa nzito mno sehemu ya juu. Kabla ya safari mabaharia 30 walikimbizwa upande hadi upande kuijaribu. Ikayumba vibaya, jaribio likasitishwa, na safari ikaruhusiwa. Watalii walikuwa wakicheka. Mimi na shemeji hatukucheka. Mtu wa Mwanza na mtu wa Bukoba hawahitaji kuelezwa tarehe 21 Mei 1996 ni siku gani: ndiyo siku MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria. Waswidi waliitoa Vasa majini mwaka 1961, wakaijengea jumba, na sasa kila mtoto wao anajua wakubwa walikosea wapi.

Siku ya kuondoka niliwakuta watu wanavua samaki mbele ya kasri la mfalme, na wengine wanaogelea mjini katikati. Hayo maji nayo yaliwahi kuharibiwa na majitaka, wakaamua kuyasafisha, yakasafishika. Miamba yetu ni mizuri kuliko yao, hilo sibishani na mtu. Lakini ndugu yangu, ukivuka Mto Mirongo na chupa tupu mkononi, rudi nayo nyumbani. Mirongo unamwaga ziwani, na maji ya bomba la Nyakato yanatoka humohumo.