Upele Hauna Mwenyewe

Nyumba yenye upele haina upele. Ina mbu. Ina joto la Dar es Salaam, ina sabuni mpya iliyowakataa watu, ina mwenye mzio wa dagaa na mwenye damu chafu. Kwetu Mbagala tulikuwa na hivyo vyote kwa mpigo, kila mtu na chake. Mume wangu, Baba Salma, alisema ni jasho. Shemeji, mdogo wake anayelala sebuleni, alisema ni kunguni wa kwenye kochi, kauli iliyoniuma kwa sababu kochi lile nililinunua mimi kwa pesa ya mchezo. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Handeni kutibiwa macho akanogewa na mji, alisema ni maji ya bomba. Dada wa kazi hakutoa maoni, alijikuna tu. Na Salma, ambaye bado hajafundishwa uongo wa kikubwa, alisema, "Mama, nawashwa," akaambiwa akaoge.

Mchana tulikuwa watu wa heshima zetu. Shughuli ilianza baada ya saa nne usiku, taa zikizimwa na miili ikipata joto la shuka. Kuta za nyumba yetu hazifiki darini, kwa hiyo siri hazikai. Nilifika mahali pa kuwajua watu kwa mlio: Baba Salma anajikuna kwa mkupuo, anapumzika, anavuta pumzi, anarudia, dada wa kazi ni mfululizo wa taratibu mpaka alfajiri, shemeji husimama akajisugua mgongo kwenye fremu ya mlango, na rangi ya fremu ilishabanduka upande mmoja. Mama mkwe alikuwa na mwiko. Mwiko wa ugali, mrefu, aliouomba mchana kwa kisingizio cha kusonga mwenyewe, haukurudi jikoni. Sikuuulizia.

Waliotuachia ule msemo wa Mungu kumpa upele asiye na kucha walikuwa watu wenye uzoefu. Angalieni wenyewe: ndani ya msemo ule upele ni neema, na anayehurumiwa ni yule asiyeweza kuufaidi. Mtu ambaye hajawahi kuwashwa hawezi kutunga maneno hayo. Ile dakika ya kujikuna, macho yamefumba, mdomo umepinda upande, haina mfano katika starehe za halali. Baada ya hapo ndipo ngozi inapochubuka na kuanza kutoa maji.

Siri ilifichuka siku ya usafi. Nilikuwa natafuta hati ya kiwanja kwenye mkoba wa Baba Salma, nikakuta kichupa cha plastiki cha dawa nyeupe ya maji, ile ya kupaka inayouzwa kila duka la dawa, imebaki nusu. Nikashtuka, nikaendelea na usafi. Ndani ya buti la shemeji: kichupa kingine, kimekwisha. Chini ya kirago cha dada wa kazi: kingine. Kwenye pochi ya mama mkwe, ambayo sikuifungua mimi, ilianguka yenyewe ikafunguka, kulikuwa na kikopo cha mafuta ya salfa. Kumbe nyumba nzima ilikuwa kwenye matibabu! Kila mmoja alikwenda duka la mtaa wa mbali ili muuzaji asimjue, akajipaka usiku wake anaoujua yeye, akapata nafuu, kisha akakaa kochi moja na ambaye hajapaka. Kidudu cha upele kikifukuzwa chumbani kilihamia sebuleni, sebule ikipakwa kinarudi chumbani, na asubuhi wenyeji wake wanaulizana hali kwa adabu: "Umeamkaje?" "Salama tu, sijui wewe."

Nikambeba Salma, nikamburuta na shemeji, tukaenda zahanati. Nilimchagua shemeji kwa sababu ndiye aliyeanza kujikuna, na kwa hiyo nyumba ilishamhukumu kwamba ndiye aliyeuleta.

Tabibu alikuwa kijana mtaratibu. Hakuuliza tunawashwa wapi, aliuliza, "Mko wangapi nyumbani?" Kisha akachukua mkono wa shemeji, akapanua vidole, akawasha tochi ya simu. Katikati ya kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na kimstari cha kijivu, chembamba kuliko uzi wa cherehani, kimepinda kidogo. Akachukua kalamu ya wino wa buluu, akapaka wino juu yake, akafuta kwa pamba yenye spiriti. Wino wote ukatoka isipokuwa pale: ulikuwa umezama ndani ya kile kimstari, ukabaki umechora njia. "Hii ni handaki," akasema. "Jike linachimba humu, linataga mayai mawili matatu kwa siku, na mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Lenyewe halifiki nusu milimita." Shemeji akakitazama kidole chake kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama mtu.

Hapo nikamwambia tabibu, kwa lugha ya upole, kwamba tunadhani kijana huyu ndiye chanzo. Akamuuliza shemeji kama amewahi kuugua upele zamani. Amewahi, bwenini, kidato cha pili. "Basi usimshike yeye," tabibu akaniambia. Mwili ambao haujawahi kupata upele huchukua wiki nne hata sita kabla ya kuanza kuwashwa. Kidudu kinaishi humo na wewe unasifiwa ngozi nzuri. Mwili ulioupata zamani unaukumbuka, huwashwa baada ya siku chache tu. Maana yake anayeanza kujikuna anaweza kuwa wa mwisho kuambukizwa, na aliyeuleta anaweza kuwa yule anayekaa ametulia, anauliza wenzake mnaoga mara ngapi. Sikutaja jina la mtu. Shemeji naye alinyamaza, lakini tulifikiria Handeni wote wawili.

Na kuoga kwenyewe hakuna kesi. Kidudu kimo ndani ya ngozi, sabuni inapita juu yake. Sisi wa Mbagala tunaoga mara tatu kwa siku maji yakiwepo, na tulikuwa na upele wa watu wasafi kabisa.

Baadaye nilisoma habari za Mwingereza mmoja, Kenneth Mellanby, nikajisikia nafuu kidogo. Mwaka 1941, wakati wa vita, aliwakusanya mjini Sheffield vijana waliokataa kwenda kupigana kwa sababu ya dhamiri zao, akawapa kazi nyingine ya taifa: kuugua upele. Aliwavalisha nguo za ndani za askari wagonjwa, hazijafuliwa, akawalaza uchi kwenye mablanketi ya wenye upele. Walilala, wakaamka, na karibu wote hawakupata kitu. Waliolazwa kitanda kimoja na wagonjwa ndio walioupata. Ni ngozi kwa ngozi, kwa muda. Blanketi lilisingiziwa. Huyo huyo alihesabu vidudu majike kwa wagonjwa wengi akakuta wastani wa kama 11 kwa kila mtu. Kumi na moja! Mimi nilidhani nimebeba kijiji, kumbe ni timu ya mpira, tena bila wachezaji wa akiba.

Turudi zahanati. Masharti ya tabibu yalikuwa mepesi kuyasikia. Wote mpake usiku mmoja, anayewashwa na asiyewashwa. Kuanzia shingoni mpaka nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, makwapani, na kwingineko kote. Kesho yake mrudie. Ukinawa mikono, paka upya. Mashuka na nguo za siku hizo zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku tatu, kwa sababu kidudu kikikosa mtu hakimalizi siku hizo. Kucha zikatwe. Na mtu yeyote mliyelala naye au kushikana naye kwa muda, naye apake usiku huo huo.

"Hata kama," shemeji akauliza akiangalia ukuta, "haishi pale nyumbani?"

Tabibu akaandika kichupa kimoja cha ziada bila kuinua uso. Mimi nilikaa na habari hiyo kutoka zahanati mpaka kituo cha daladala, ikanishinda. Tulipofika nyumbani mama mkwe alihesabu vichupa, akahesabu watu, akahesabu tena.

"Hiki cha nani?"

"Cha rafiki yangu, mama," shemeji akajibu.

"Anawashwa?"

"Kidogo."

"Mwenzangu, dawa haipelekwi kwa mtu nisiyemjua. Mlete."

Kwa hiyo wachumba wengine hupelekwa ukweni na kilemba na barua. Huyu wa kwetu, binti wa Charambe mwenye adabu zake, aliingia jioni ile amevaa baibui na mikono imefichwa, akampa mama mkwe shikamoo bila kumpa mkono. Mama mkwe alimkagua. "Marahaba. Kuna maji ya moto bafuni."

Kuwapata wote usiku mmoja ndiyo kazi niliyoiona. Vikao vya harusi vinaahirishwa, lakini mjumbe asipofika harusi hufungwa. Hapa asipofika mmoja, wote mmepaka bure. Dada wa kazi alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kwa shangazi yake Mbande. Ilibidi apigiwe simu arudi, na shangazi akataka kujua ni dharura gani, akaambiwa kuna wageni. Baba Salma alikuwa Morogoro kikazi, akaja na basi la jioni akilalamika kwamba yeye lake ni jasho.

Kisha likaja suala ambalo hakuna tabibu anayeliandika kwenye cheti: nani anampaka nani mgongo. Mtu hujikuna ajipatapo, na hapo katikati ya mabega hapapatikani. Mimi kwa Baba Salma, sawa. Baba Salma kwa mdogo wake, walipakana huko uani gizani, nikisikia tu, "Shika vizuri basi!" na "Usinipapase!" Dada wa kazi nilimpaka mimi. Lakini mama mkwe? Mimi ni mkamwana. Miaka yote nimemwona mabega akiwa amejitanda kanga mbili. Mwanawe wa kiume, haiwezekani hata kulitaja. Tukakaa kimya, kila mtu anaangalia kichupa.

Salma akatuokoa. Bibi na mjukuu wana utani wao, na kwa bibi yake Salma ni mke mwenza tangu azaliwe. "Njoo mke mwenzangu," bibi akamwita, wakajifungia. Tulisikia kicheko, kisha tukasikia ukelele, kwa sababu dawa ile ikikuta palipochubuliwa kwa mwiko huwaka moto. "Unaniua, wee mtoto! Mume wote nakuachia!" Salma, kwa mkono wake mdogo, alifika mahali pengi lakini chini ya mabega palimshinda upana. Ndipo yule binti wa Charambe, ambaye si mkwe bado na kwa hiyo hajawa na la kukatazwa, akabisha hodi, akaingia, akamaliza kazi. Alipotoka mama mkwe alisema maneno ambayo mimi, kwa ndoa yangu yote, sijayapata: "Ana mkono mwepesi."

Usiku ule tulitembea mikono imeachana na mwili, ngozi imekauka nyeupe, nyumba inanuka duka la dawa. Tuliotawadha kwa isha tulipaka upya mikono na miguu, tukatawadha kwa alfajiri tukapaka tena, mpaka Baba Salma akasema angejua angekaa na udhu mmoja tangu magharibi. Umeme ukakatika katikati ya kupiga pasi mashuka, nikamalizia kwa pasi ya mkaa. Magodoro yakatoka juani. Majirani wakauliza mtoto kakojoa? Nikasema kakojoa. Kwenye magodoro manne? Nikasema anahama hama.

Kuwashwa hakukuisha kesho yake. Tabibu alishatuonya kwamba vidudu vikifa mwili huendelea kulalamika wiki mbili mpaka nne, ila maonyo ya namna hiyo mtu huyasahau saa tano usiku. Mama mkwe hakungoja. Alimtuma shemeji avunje matawi ya mwarobaini, akachemsha sufuria kubwa, akatuogesha wote maji ya kijani, machungu hata harufu, kila jioni. Wiki zikapita, kuwashwa kukaisha, kwa muda uleule wa kalenda ya tabibu. Heshima yote ikaenda kwa mwarobaini. Nilijaribu kueleza, Baba Salma akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mama mkwe aliondoka na basi la asubuhi. Mzigo wake ulikuwa kiroba cha majani ya mwarobaini, kana kwamba Handeni haioteshi mwarobaini, na mwiko, ambao sasa ni wake. Pale stendi akanivuta pembeni, akashusha sauti, akaniuliza kama ile nyeupe ilibaki. Nikampa vichupa viwili. Akavisukumia chini kabisa ya kiroba, akapanga majani juu.

"Ya baba mkwe wako," akasema. "Yeye ana joto tu."