Juan Hakauki

Kericho si mahali pa kuchorea kwa rangi za mafuta. Nguo hukauka kwa kupoteza maji; rangi hizi hukauka kwa mafuta ya kitani kushika oksijeni ya hewani na kuganda polepole, na baridi huyachelewesha. Huku kwetu, mita 2,000 hivi juu ya bahari, mvua ikipiga mabati kila alasiri, hata soksi kukauka ni mradi.

Anayejifunza kuchora sura za watu hushauriwa tangu zamani anakili kazi ya bingwa. Nilimchagua Velázquez, Mhispania, na picha yake ya Juan de Pareja ya mwaka 1650. Nilitaka uso ambao rangi yake ningeichanganya kwa kujitazama kwenye kioo. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, naye pia mchoraji. Hati ya kumwacha huru ilitiwa sahihi Roma mwaka huohuo, kwa sharti kwamba atumikie miaka minne zaidi. Nadhani ndiyo maana anakutazama vile. Shangazi alimkazia macho, akaniuliza, "Huyu anakudai?"

Nakala yangu ilichapishwa saiba mjini, wino mwekundu ukiwa umeisha. Juan akatoka kijani, tayari kuchumwa. Rangi za uso ikabidi nizifuate kwenye simu, ambayo hujizima kila nikifika puani.

Lakini taabu yenyewe ilikuwa kola. Juan amevaa kola pana nyeupe ya lesi, na hapa kwetu sebule gani haina vitambaa vya kochi vya namna hiyohiyo? Kila aliyeingia akawa mtaalamu. Pua niliyoihangaikia usiku kucha hakuna aliyeiona. Wote waliinamia kola. Shangazi, ambaye kroshia yake imepamba makochi mpaka Bomet, alitangaza kwamba mfumaji alikuwa mvivu. Akaleta kitambaa chake, akakibandika kifuani pa Juan nione kazi ya maana.

Velázquez alitumia rangi nyeupe ya madini ya risasi, ambayo hukauka upesi, ila ni sumu. Mimi natumia ya titani, ambayo haina haraka na mtu. Kitambaa kikashika. Kilipovutwa kiliondoka na kola, pamoja na sehemu kubwa ya ndevu. Shangazi alikagua kitambaa, si Juan.

"Hii inatoka na nini?"

Haikutoka. Kiko kwenye kochi, na wageni wanakiegemea.

Siku nyingine mzee jirani alikimbia mvua ya mawe akaingia kwetu, akitoka kituo cha majani ya chai, kikapu kitupu mgongoni. Nikamweleza kwamba jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilimnunua Juan mwaka 1971 kwa zaidi ya dola milioni 5. Mzee akaanza kupiga hesabu ya bonasi, akaiacha njiani. Kisha akaonyesha kiwiko cha koti, ambacho hata kwa Velázquez kimetoboka.

"Na katika pesa zote hizo ilikosekana ya sindano?"

Hata hivyo akataka naye achorwe, kofia kichwani, awaachie wajukuu. Ila akauliza itakauka lini. Juu, nikasema, wiki chache. Ndani kabisa, hadi ipakwe vanishi, miezi sita, pengine mwaka.

"Kijana," akasema, "umri wangu unauona. Huna penseli?"