Uainishaji Mpya wa Miti ya Fizi kwa Kufuata Ugomvi Wake

Mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden alipanga mimea aliyoijua kwa kuhesabu stameni za maua yake. Mwembe akaupa jina la Mangifera indica, akaenda zake. Mpango huo haufai kwetu Baraka, katika Fizi mashariki mwa Kongo, hata kidogo. Huku hakuna anayekagua ua la mwembe. Linaloulizwa ni moja tu: nani aliupanda? Kwa msingi huo tunapendekeza ngeli tatu na nusu.

Ngeli ya kwanza ni Mti Shahidi, na kielelezo chake ni mwembe. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza udongo wote wa nchi kuwa mali ya dola. Wazee wa Kibembe wakasikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kugawa mashamba kiukoo kama zamani. Mkulima aliyebaki katikati ameona heri aegemee mti alioupanda, uwe shahidi wake. Ndiyo maana mwenye shamba akikukaribisha ulime kwake, atakuruhusu mihogo, mahindi, hata karanga, lakini akikuona na mche wa mwembe mkononi, salamu zinakatika hapo hapo. Mihogo utaing'oa uende nayo. Mwembe utabaki ukikutaja hadi kwa wajukuu.

Vita vya 1996 vilipowavusha watu Ziwa Tanganyika hadi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka huohuo upande wa Kasulu, Tanzania, nyuma yao kuta za udongo ziliyeyuka kwa mvua na nyasi zikafunika njia. Waliorudi baadaye wengi hawakuwa na karatasi. Walikuwa na miembe. "Huu ni wa babu, ule wa kando ya choo mama aliupanda alipojifungua kitinda mimba": ukiweza kusema hivyo mbele ya shefu na jirani asipinge, umeshaonyesha hati.

Kiangazi shahidi huyu hutulia. Upepo wa kusini unachafua ziwa, majani yamejaa vumbi, chini yake watu wanaongea habari za ndagala. Mvua zikisharudi na maembe yakaanza kuiva, ghafla ana jamaa wengi. Mpwa asiyeonekana tangu Pasaka huja na gunia, tena limekunjwa vizuri.

Ngeli ya pili ni Mti Mshahara: mchikichi. Ni mwenyeji wa Afrika, ila Jacquin aliyeupa jina la kitaalamu mwaka 1763 aliukuta Martinique, ng'ambo ya Atlantiki. Wataalamu nao wana njia zao ndefu. Katika ngeli hii haulizwi aliyeupanda, bali atakayeupanda. Kijana anajifunga mkanda kiunoni na kwenye shina, panga mgongoni, anapanda kwa mirukio mifupi. Mkungu ukidondoka, ardhi inaguna. Wanawake wanachambua chikichi moja moja kati ya miiba, zinachemshwa katika pipa, zinatwangwa, na mawese mekundu yanaingia bidoni kwenda Uvira. Ada ya shule ikidaiwa, baba mwenye michikichi anatazama juu kabla hajajibu.

Ngeli ya tatu, Mti Mchokozi, haina mengi. Ni mkaratusi, mgeni kutoka Australia, unaokua haraka na kunywa maji kama aliyealikwa. Hupandwa mpakani, makusudi.

Nusu iliyobaki ni Mti Yatima, ule wa msituni kuelekea Itombwe. Ukiwa umesimama hauna mwenyewe. Ukishageuka makaa tu, wenyewe wanajitokeza barabarani: wa kijiji, wa mazingira, na yule mwenye bunduki pale barieri, ambaye uhusiano wake na mti huo sayansi bado haijaweza kuueleza.

Kuna kielelezo kimoja kinachosumbua mpango wetu wote. Mtoto anakula embe, anatupa kokwa, linaota katikati kabisa ya mpaka wa mashamba mawili. Hakuna aliyepanda, na kila upande unaumwagilia mche usiku kwa siri. Wazee wakiitwa wataagiza usiguswe mpaka uzae, ndipo wakae tena. Mwembe wa kokwa huchukua miaka mitano hivi, hata zaidi, kuzaa, na aliyetupa kokwa atakuwa ameshafikia umri wa kudai fungu lake.